Hurricane ya Airfix kwenye meza ya mwandika mabango

Kazi yangu ni kuandika mabango hapa Tanga. Majina ya maduka, ubavu wa boti, kuta za shule, maneno ya nyuma ya daladala. Miaka 31 brashi haijatoka mkononi. Kwa hiyo lilipofika boksi la ndege ya plastiki, ya kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe, sikuanza na mabawa wala magurudumu. Nilianza na vikopo vya rangi. Nikafungua kimoja, nikanusa, nikachovya ncha ya kijiti, nikapaka kwenye ukucha wa dole gumba. Ndivyo ninavyoijaribu rangi nisiyoijua.

Haina harufu ya tina. Ni rangi ya maji, imesagwa laini, chembe zake huzioni hata ukiitazama juani. Baada ya dakika tano ukucha ulikuwa na rangi ya udongo mkavu, haung'ai hata kidogo. Nikaita kijana wangu wa kazi aje aone.

Chenyewe ni seti ya kuanzia ya Airfix, kampuni ya Uingereza ya ndege za kuunganisha: Hawker Hurricane Mk.I, ndege ya kivita ya Mwingereza ya vita vya pili vya dunia, kipimo cha 1 kwa 72. Ndani kuna fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vya ndege, fremu ndogo ya vioo, karatasi ya stika za maji, kitabu cha maelekezo, tyubu ya gundi, brashi mbili ndogo na vikopo vya rangi za Humbrol vilivyoshikana kama vidonge kwenye pakiti yake. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha; hii ikimalizika haifiki sentimita 17. Kwa mkono wangu haijai shubiri.

Nimeeleza rangi kwanza kwa sababu ya kazi yangu, lakini sababu ya kuiagiza ni babu yangu mzaa baba.

Babu alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, batalioni ya 6, ile ya Tanganyika. Mwanzoni mwa 1941 walikuwa kaskazini mwa Kenya, wakavuka kuingia Somalia ya Mtaliano kuelekea mto Juba. Alikuwa hasimulii sana vita, ila ndege alizisimulia. Alisema ndege za kutupa mabomu za Mtaliano zilikuwa na injini tatu, na ukisikia ule mngurumo unaokwenda na kurudi, unaliacha lori lako barabarani unakwenda kulala chini ya mgunga na miiba yake. Ukimya wa kungoja, alisema, ndio uliokuwa mgumu kuliko bomu lenyewe. Kisha siku moja ikapita ndege nyingine, ya injini moja, chini, upesi, na haikuwatupia kitu. Babu hakujua jina lake. Aliiita "ile yenye kibyongo".

Nilikuwa mtu mzima nilipoona picha ya Hurricane ikiwa ubavu. Mgongo wake umeinuka nyuma ya kichwa cha rubani, kisha unashuka taratibu hadi mkiani. Kibyongo kabisa. Ndipo nikamwandikia mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, aniagizie.

"Mjomba, si bora nikuletee Spitfire? Ndiyo kila mtu anaijua."

"Niletee Hurricane, baba."

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Mwingereza ya wakati ule, ndiyo yenye jina. Airfix wenyewe ndege yao ya kwanza ya kuunganisha, miaka ya 1950, ilikuwa Spitfire. Lakini katika mapigano ya anga ya Uingereza ya 1940, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Na iliyofika huku kwetu ni Hurricane. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilizileta Kenya, na kikosi chao cha 3 kiliruka nazo juu ya njia ile ile waliyopita Keya. Rubani wao mmoja, John Frost, tarehe 3 Februari 1941 aliangusha ndege tatu za Caproni Ca.133, hizo hizo za injini tatu, pamoja na ndege ya kivita ya Mtaliano, Fiat CR.42, iliyokuwa ikizilinda, katika mruko mmoja. Kismayu ilichukuliwa tarehe 14, Mogadishu tarehe 25, na 6 Aprili jeshi likaingia Addis Ababa. Babu alifika huko kwa lori na kwa miguu.

Basi, kazi yenyewe.

Vipande vimeshikwa kwenye fremu kwa vikonyo vyembamba. Usivinyofoe kwa mkono kama unavyonyofoa ndizi. Plastiki itapasuka na kipande kitaondoka na kovu. Nilitumia kikata kucha kwa vikonyo vidogo na wembe mpya kwa vikubwa, nikakata mbali kidogo na kipande, kisha nikasawazisha kwa msasa wa maji namba 1000, wanaoutumia mafundi wa kupaka pikipiki. Kabla ya yote niliziosha fremu kwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, nikaziacha zikauke kivulini. Plastiki inapotoka kiwandani huwa na mafuta kidogo, na vidole vyetu vya pwani vinaongeza mengine. Rangi ya maji haishiki kwenye mafuta. Hili silisemi kwa ajili ya ndege tu, muulize yeyote aliyewahi kuandika kwenye mlango wa friji.

Nilipokishika kiwiliwili nikakaa nacho muda mrefu bila kukikata. Pua yake ni laini, ina mistari ya mabati na alama za skrubu, maana kwenye ndege halisi sehemu hiyo ilifunikwa kwa bati kuizunguka injini ya Rolls-Royce Merlin. Lakini kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani, ndege halisi ilivikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na mabomba ya chuma, juu yake mbao nyembamba za kutoa umbo, na juu ya mbao kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mchongaji wa plastiki hii ameliheshimu hilo. Ukipitisha ukucha unazihisi mbao, na kati ya mbao na mbao unahisi kitambaa kimeshuka kidogo, kama turubai lililovutwa juu ya mbavu za chombo. Sikutegemea kukuta mambo hayo kwenye kitu cha sentimita 13. Sydney Camm aliyeisanifu Hurricane alitoka kwenye ndege za mabawa ya ghorofa zilizojengwa kwa kitambaa, na hii yake ilipoanza kuruka Novemba 1935 ilikuwa imesimama katikati ya zama mbili: mbele chuma, nyuma kitambaa. Nimeshayasoma hayo mara nyingi. Kidole kilinifundisha kwa mguso mmoja.

Gundi iliyomo si ya kunata kama ile ya viatu. Inayeyusha plastiki, na pande mbili zilizoyeyuka zikikutana zinakuwa kitu kimoja. Ukiweka nyingi inafurika na kula sura ya nje. Weka kwa ncha ya kijiti cha meno, kamata dakika moja, acha mpaka kesho. Fungua dirisha, na kama unajenga na mtoto, wembe na gundi viwe mikononi mwako. Vioo vya rubani usiviguse kwa gundi hiyo, vitapata ukungu wa maziwa usiotoka tena. Vibandike kwa gundi nyeupe ya maseremala. Inakauka na kuwa angavu.

Mabawa yalikaa vizuri kwenye kiwiliwili. Puti niliitumia mahali pamoja tu, chini ya bawa la kushoto, na kosa lilikuwa la wembe wangu uliokwenda ndani mno.

Nataka niseme habari za kiti. Kiti cha rubani ni kikubwa kama punje ya hindi. Nilikipaka, nikakikausha, nikakishika kwa kibano ili nikiweke mahali pake, na hapo nikakumbuka habari ya 15 Machi 1941. Siku hiyo kikosi cha 3 kilishambulia uwanja wa ndege wa Diredawa, Ethiopia. Ndege ya Frost ilipigwa kutoka chini, akalazimika kutua kwenye kiwanja kidogo cha karibu kilicho mikononi mwa Waitaliano. Mwenzake, Luteni Bob Kershaw, aliona, akashuka na Hurricane yake akatua pale pale. Hurricane ina kiti kimoja. Frost akamkalia Kershaw mapajani. Frost akashika usukani na kukanyaga pedali za mkia, Kershaw chini yake akashughulikia magurudumu na vibawa vya kutulia, na hivyo wakaruka wakarudi salama. Kershaw alipewa nishani ya ushujaa ya DSO. Niliitazama ile nafasi, upana wa milimita chache kati ya ukuta na ukuta, nikaizidisha kwa 72 kichwani. Watu wazima wawili, na nguo zao, na joto la Machi. Nilikaa na kibano mkononi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepatwa na nini.

Frost mwenyewe alipotea jangwani kaskazini mwa Afrika mwezi Juni 1942 na hakupatikana.

Sasa tupake.

Chini ya ndege ni rangi wanayoiita Sky, namba 90 ya Humbrol, kijani cha mbali sana kama ganda la yai la bata. Juu ni rangi mbili za kujificha, udongo namba 29 na kijani cha giza, zilizochorwa mawimbi. Anza na ile nyepesi ya chini. Rangi hizi ukizipaka jinsi zilivyo kwenye kikopo, kwa joto letu, zinaanza kukauka kabla brashi haijafika mwisho wa bawa, na utaona michirizi. Nilizipunguza kwa maji safi mpaka zikawa kama tui la pili. Tui la kwanza ni zito, litaacha matuta. La tatu ni maji matupu, litakimbilia mabondeni. Tui la pili. Nikaweka rangi kwenye kisahani juu ya kipande cha kanga kilicholowa na karatasi ya kuokea, isikauke upesi. Mkono wa kwanza ukipita utasikitika, plastiki inaonekana yote. Usirudie hapo hapo. Ngoja nusu saa, pitisha wa pili kwa kukata ule wa kwanza, kisha wa tatu. Kwa mikono mitatu nilipata uso ambao kijana wangu wa kazi, anayejua kusema ukweli, aliuliza kama nimepuliza kwa pampu.

Brashi mbili za kwenye boksi ni za kazi ndogo: magurudumu, kiti, mikono ya rubani wa plastiki, ncha za pangaboi. Bawa linataka brashi bapa yenye upana wa sentimita moja, nami nilitumia yangu ya manyoya ninayojazia herufi kubwa. Ukiwa huna, nunua kabla ya kuanza. Rangi ya vikopo inatosha ndege moja na kubaki kidogo, ilimradi usimwage.

Nilipenda mno mistari ya mabati. Imechimbwa wazi, na wako wajenzi wanaoitaka iwe myembamba zaidi. Mimi napaka kwa brashi, na brashi huacha rangi nyingi kuliko mpulizo. Baada ya mikono mitatu mistari yangu bado ilikuwa inasomeka. Kwa mtu asiye na pampu ya hewa hiyo ni faida.

Kwenye mawimbi ya udongo na kijani nilijiona niko nyumbani. Kitabu cha maelekezo kina michoro bila maneno mengi, na mchoro wa rangi unaonyesha kila wimbi linaanzia wapi na kuishia wapi. Niliuhamisha kwa penseli laini, nikapaka kingo kwanza kwa brashi nyembamba, kisha nikajaza katikati, sawa na herufi. Sikutumia tepu isipokuwa kwenye vioo. Ukingo uliochorwa kwa mkono una pumzi kidogo ndani yake, na kwa ukubwa huu unapendeza.

Kwenye stika nilikosea mwenyewe. Karatasi yangu imeandikwa Cartograf, ya Italia, na uchapaji wake ni safi kiasi kwamba niliwaza siku nyingi kuhusu herufi zile: ncha zake, unene wake, namna B ilivyobana kiuno. Chovya kwenye maji ya uvuguvugu nusu dakika, subiri, isukume taratibu kutoka kwenye karatasi yake. Mimi niliibandika ya kwanza juu ya rangi isiyong'aa moja kwa moja. Uso usiong'aa una mashimo madogo madogo, hewa inabaki chini ya stika, na ikikauka unaona ukungu wa fedha kwenye ukingo. Mwandika mabango mwenye miaka 31 kazini alipaswa kulijua hilo. Nilitoboa kwa ncha ya sindano, nikapitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikalainika ikalala, ingawa nikijua pa kuangalia bado napaona. Zilizobaki niliziwekea kwanza mkono mmoja wa vanishi inayong'aa, na zimekaa kama zimeandikwa.

Vanishi haimo kwenye seti, na hapa ndipo ninapopunguza nyota moja kati ya tano. Mtu wa kuanza ataimaliza ndege yake, ataishika kwa mkono wenye jasho, na rangi itaondoka kwenye ncha za mabawa. Nilijaribu kwanza vanishi ya mbao ya dukani kwenye fremu tupu, si kwenye ndege, na nashukuru: iligeuka njano kama mafuta ya nazi ya zamani. Mwishowe nilipata vanishi ya maji isiyong'aa kwenye duka la vifaa vya sanaa Dar es Salaam. Jaribu kila kitu kwenye fremu kwanza. Fremu ndiyo ubao wako wa mazoezi, usiitupe mpaka ndege imekamilika.

Alama zilizomo ni za vikosi vya Uingereza. Za Afrika Kusini hazimo. Nilishawishika kuzichora mwenyewe kwa mkono, naweza, kisha nikaacha. Miaka yote hii sijaandika jina la mtu kwenye bango kabla hajaniandikia kwenye karatasi tahajia anayoitaka. Nikipata stika zilizochapwa kutoka kwenye picha halisi za kikosi cha 3, nitajenga nyingine. Hii nimeiacha na alama za boksi lake, na kibyongo ni kile kile.

Kuhusu bei: mpwa wangu alilipa chini ya pauni 15 kule, na usafiri ukazidi bei ya boksi. Kampuni iliyoleta mzigo ilinikabidhi boksi limebonyea kona, na mguu mmoja wa gurudumu ulikuwa umevunjika kwenye fremu yake. Niliuunga kwa gundi hiyo hiyo na kipande cha waya wa shaba ndani, umesimama. Aliyefunga mzigo hakuweka hata gazeti la kujazia. Ukiagiza, omba boksi liwekwe ndani ya boksi jingine, na ulipie tofauti bila kinyongo.

Nani ainunue? Mtu mwenye jioni kumi na subira. Mtoto kuanzia miaka minane akiwa na mkubwa pembeni. Mtu anayejifunza kupaka, wa fani yoyote, kwa sababu hakuna mahali pa kuficha uvivu kwenye bawa la sentimita nane. Anayetaka kitu cha kumaliza Jumamosi moja aiache. Gundi na rangi hazikauki kwa haraka yake, na ataishia na alama za vidole kwenye kioo.

Nimeitundika kibandani kwa mshipi wa kuvulia, juu ya meza, mbali na jua la dirisha. Feni ikiwashwa inageuka taratibu na kuonyesha tumbo lake la yai la bata. Wateja huuliza bei. Nawaambia haiuzwi, ni ya babu.

Kijana wangu wa kazi ameshaomba ya kwake. Tumekubaliana iwe ya upande wa pili, Fiat CR.42, ile ya mabawa ya ghorofa, ambayo Italeri, kampuni ya Italia ya vitu vya kuunganisha, wanayo kwa kipimo hiki hiki. Mpwa wangu atakuja nayo mkononi Desemba, pamoja na vanishi.